Anayelifunika tabasamu kwa blanketi

Saa kumi na mbili asubuhi, mwanamume mwenye mabega mapana anaegemeza ngazi kwenye nguzo ya geti na kuanza kupanda. Begani ana blanketi la kijivu, la aina ile wanayopewa watu waliopoteza nyumba zao. Mdomoni ameng'ata vipande viwili vya kamba.

Chini, mlinzi wa geti ameishika ngazi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una kikombe cha chai.

"Mnada, leo umelivalisha vibaya," mlinzi anasema. "Sikio liko nje."

"Liache lisikie," anajibu aliye juu, kamba ikiwa bado mdomoni.

Anachokifunika ni bango. Bango kubwa la turubai, limetandazwa juu ya geti la ofisi ya tawi la chama cha taifa cha misaada, na katikati yake kuna uso wa mwanamke anayecheka. Anacheka hasa, meno yote nje, macho yamefumbwa, kiganja kimoja kifuani. Chini yake kuna maneno mawili kwa herufi nyekundu: TABASAMU LIMERUDI.

Kila asubuhi Mnada anaufunika uso huo. Kila asubuhi, mwenyekiti wa tawi akikaribia kufika, mlinzi anapanda ngazi ileile na kuufunua, maana naye ana watoto wa kulisha. Blanketi linarudishwa stoo kupitia dirishani, na kesho yake wanaanza upya.

Mpita njia anaweza kudhani ni utani wa watu wazima wawili waliokosa kazi. Akiambiwa picha ile ilipigwaje, ataacha kucheka.

Mwanamke wa kwenye bango ni mshonaji. Hupita hapo kila asubuhi na binti yake wa miaka sita, akitoka kambini kwenda kwenye kibaraza cha duka alikoweka cherehani ya kuazima. Barabara ni hiyo moja. Mnada anataka wapite kabla blanketi halijatolewa. Hilo tu.

"Siku ya kwanza bango lilipotundikwa nilikuwa hapa getini," anasema akishuka ngazi. "Mtoto akasimama, akaangalia juu, akamuuliza mama yake, 'Mama, hapo ulikuwa unachekea nini?' Mama akamvuta mkono, wakaondoka. Mimi nikaingia stoo, nikachukua blanketi."

Mnada si jina lake. Ni jina la kazi aliyoifanya zaidi ya nusu ya umri wake, kunadi nguo za mitumba sokoni. Alikuwa anasimama juu ya meza, suruali tatu begani na koti mkononi, anapiga kelele kuanzia asubuhi hadi jua linapoinama. Waliomfahamu enzi hizo wanasema ukisimama ng'ambo ya stendi ulimsikia bado anatukana bei za wenzake.

Mkewe ana maoni yake. "Nyumbani ana sauti ya mbu," anasema akianika kizibao cha chama kwenye kamba, nyuma ya chumba chao cha kupanga. "Ukimtuma chumvi unafikiri hajasikia. Kumbe anajibu, ila sauti yote ameiacha huko nje."

Ni sauti hiyo iliyompeleka kwenye chama. Mvua kubwa zilipokuja na mto ukaingia mitaa ya chini, watu walihamishiwa kwenye shule iliyo juu ya mwinuko. Walifika usiku na alfajiri, wengine kwa miguu, wengine kwa malori, kila mmoja amepotezana na mtu wake. Mama yuko darasa hili, mtoto yuko lile, baba yuko kanisani ng'ambo ya barabara na hajui kama wenzake wapo. Chama kilikuwa na mablanketi, sabuni na ndoo. Mtu wa kuita majina hakikuwa naye.

Mnada naye alikuwa amehamishwa na maji. Akapanda juu ya dawati, akaanza kuita bila kipaza. Siku iliyofuata wakampa kipaza sauti cha mkononi na kizibao, wakamwandika kuwa mtu wa kujitolea katika kitengo cha kuwatafuta waliopotezana. Posho anayopewa inanunua unga na sabuni, ikizidi sana na vocha ya simu. Hajailalamikia. Wanaojua kazi ile wanasema hakuna aliyewahi kuifanya kama yeye.

Na aliifanya kwa sharti lake mwenyewe. Kuna neno moja hakulitamka kamwe kwenye kipaza. Neno lenyewe ni "amepatikana".

"Hebu lifikirie," anasema. "Mbuzi akirudi zizini, amepatikana. Mtoto akikutwa analia sokoni, amepatikana. Na mtu akitolewa mtoni siku ya tatu, amevimba, mkewe mwenyewe hamtambui, utasikia naye wanasema amepatikana. Neno ni hilohilo. Sasa wewe unayesikia utachagua lipi? Utachagua unalolitaka. Kwenye mnada nilijifunza hilo. Nikisema tu 'koti', mteja keshajiona amelivaa."

Kwa hiyo mtu aliye hai, Mnada alimtangaza hivi: "Anakusubiri!" Fulani wa mtaa fulani, mama yako anakusubiri chini ya tangi la maji. Mwenye shati la kijani, kaka yako anakusubiri jikoni, na amesema uje na ile simu yake. Watu walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja.

Aliyekufa hakutangazwa. Habari hiyo ikifika, Mnada alikiweka kipaza mezani, kwenye hema la chama, akaenda kwa miguu. Alimtafuta mwenye habari, akaketi naye chini, akaomba maji ya kunywa, ndipo akasema.

Kambi nzima ikaujua utaratibu huo bila kufundishwa. Mnada akiita jina lako kwa kipaza, kimbia, ni heri. Mnada akija kwako mikono mitupu, keti.

Ulikuwa na taabu zake. Hakuweza tena kutembea kambini hivihivi. Siku moja alikiacha kipaza, akaenda kuomba kiberiti kwa wapishi. Wanawake wanne wakaketi chini kwa mpigo.

"Mmoja akaanza kulia kabla sijafungua mdomo," anakumbuka. "Nikasema, dada zangu, nataka kiberiti! Walinirushia mwiko. Tangu hapo hata chooni nilikwenda nacho. Nakining'iniza mlangoni, wanaopita wanasema, shikamoo kipaza."

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi hiyo hospitali ilipiga simu kwenye hema la chama. Mume wa mshonaji, aliyerudi ndani kuokoa cherehani ya mkewe wakati maji yakiwa magotini, alikuwa ameonekana kwenye matete, mbali chini ya mto. Alitambuliwa kwa kitambulisho kilichokuwa mfukoni. Mpiga simu alisema kama wanavyosema wote: "Yule mume wa mshonaji amepatikana."

Mnada aliichukua simu kutoka kwa mhudumu, akauliza swali moja, "Yuko wodi gani?" Akajibiwa hayuko wodini. Akakiweka kipaza mezani, akatoka.

Siku hiyohiyo tawi lilikuwa na wageni wenye kutoa misaada. Walikuja na magari matatu na mpiga picha. Mwenyekiti wa tawi alikuwa akiwatembeza, akafika hemani, akamuuliza mhudumu wa simu kama kuna habari yoyote. Akaambiwa, mume wa mshonaji amepatikana.

Hakuuliza wodi. Hakuuliza chochote. Alisikia alichotaka kusikia, mbele ya wageni, na kipaza kilikuwa mezani kinamtazama.

Mnada alikuwa amefika katikati ya uwanja wa shule, anapita kati ya kamba za nguo, aliposikia kipaza chake kinazungumza kwa sauti ya mtu mwingine.

"Ndugu zangu! Tuna habari njema! Mume wa mshonaji wetu amepatikana! Amepatikana!"

Mshonaji alikuwa darasa la mwisho, anabandika kiraka kwenye suruali ya mtu kwa sindano ya mkono. Anasimulia mwenyewe, kibarazani kwake, mguu ukiwa juu ya pedali na cherehani imesimama.

"Nilipiga vigelegele, sikatai. Wenzangu wote walipiga. Nilimwambia mtoto, kanawe uso haraka, baba yako asikukute na makamasi. Nikafunga kitambaa kipya kichwani. Yule mwenye kamera akaja mbio, akasema, mama, geuka huku. Nikageuka. Nilikuwa na furaha, ningegeuka popote."

Anakata uzi kwa meno.

"Nikamwona kaka Mnada anakuja. Anakimbia. Sikumtazama usoni. Nilitazama mikono yake. Haikuwa na kitu."

Msomaji, isome polepole sehemu hiyo. Picha iliyo kwenye bango ilipigwa katika dakika zile, kati ya sauti ya kipaza na mikono mitupu ya Mnada. Ndiyo furaha wanayoionyesha barabarani. Furaha ya mwanamke ambaye kila mwenye simu pale hemani alipaswa kujua kwamba ni mjane.

Mnada aliketi naye chini, akamwambia, akabaki hapo mpaka ndugu wa mshonaji walipofika. Kisha alirudi hemani. Kilichofuata hakikanushwi na mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

"Nilimwambia mwenyekiti mbele ya wageni wake: mzee, wewe umemfufua mtu na kumuua tena, na mkewe anatazama. Nilisema kwa sauti. Hiyo nikikudanganya nilisema taratibu, hutaniamini."

Kesho yake alihamishiwa stoo. Utovu wa nidhamu mbele ya wageni. Kazi yake sasa ni kukunja mablanketi na kupakia ndoo. Kipaza kilichukuliwa, na hakuna aliyepewa kazi ya kuita majina. Wapo watu kambini ambao bado hawajui ndugu zao wako wapi. Siku hizi habari zinasubiri mwenye nafasi azipeleke, na wenye nafasi ni wachache.

Mnada akienda kambini kupeleka mablanketi, anabeba ndoo tupu njiani kurudi. Hana haja nayo.

"Wakiniona mikono mitupu wanakusanya watoto," anasema. "Kwa hiyo nabeba ndoo."

Baada ya muda, bango likatundikwa. Hakuna aliyemuuliza mshonaji. Hakuna aliyemwonyesha. Alikutana na uso wake njiani kama mtu mwingine yeyote, akiwa ameshika mkono wa mtoto.

Mwenyekiti wa tawi alikubali kuzungumza na gazeti hili ofisini kwake. Ni chumba safi chenye mapazia mazito na viti vya kukunja kwa ajili ya wageni. Juu ya kabati, nyuma ya kiti chake, kipo kipaza sauti. Kimefunikwa na mfuko wa nailoni kisiingie vumbi.

"Mimi sikusema uongo," alisema. "Nilisema amepatikana. Kwani hakupatikana?"

Alipoulizwa kuhusu picha, hakusita.

"Picha ni mali ya chama. Ndiyo picha nzuri kuliko zote tulizonazo, na wageni wameipenda. Ile inaleta misaada, ndugu yangu. Wewe mwenyewe itazame. Anacheka au hacheki?"

Anacheka, kweli. Hapo ndipo damu inapochemka. Kila kitu alichokisema mwenyekiti ni kweli, na ukweli huo ukiuweka wote pamoja unapata jambo la aibu tupu. Mtu alipatikana. Mke alicheka. Mpiga picha alipiga. Misaada imekuja, na blanketi analolitumia Mnada kulifunika bango huenda limenunuliwa kwa bango hilohilo. Basi nani wa kumuuliza mjane, wakati mambo yanakwenda vizuri namna hiyo?

"Na Mnada?" aliulizwa.

"Yule ni mtu mzuri, tatizo mdomo. Jumamosi tuna mkutano wa wanachama. Asimame, aombe radhi mbele ya wote, aache huo upuuzi wa blanketi, na kipaza chake nitampa siku hiyohiyo. Si nimekitunza?"

Hilo ndilo linalomkosesha Mnada usingizi. Kipaza anakitaka. Si kwa ajili ya cheo, kwa kuwa hakina cheo. Anajua majina ya watu ambao bado wanasubiri kuitwa. Mkewe anajua pia, na hafichi anachofikiri.

"Omba radhi, mume wangu," alimwambia mbele ya mwandishi, akimmiminia maji ya kunawa. "Ni maneno tu. Wewe umeuza makoti yasiyo na vifungo kwa maneno, utashindwa haya?"

"Yale makoti nilisema hayana vifungo."

"Ulisema mwishoni, mtu keshalipa!"

Mnada alicheka mpaka maji yakamwagika. Kisha akajifuta mikono kwenye suruali.

"Nikiomba radhi kwake," alisema, "maana yake alisema sawa, na mimi ndiye niliyekosea. Na siku nyingine atatokea mwingine, atakichukua kipaza, atasema amepatikana. Na atapiga picha."

Tunarudi getini. Blanketi limekaa sawa sasa, sikio limeingia. Mlinzi amemaliza chai. Upande wa juu wa barabara mshonaji anakuja na binti yake, kikapu cha vitambaa kichwani. Kwa kawaida hupita upesi bila kuinua macho, na Mnada hujifanya ana shughuli na ngazi. Leo anasimama.

"Kaka Mnada."

"Naam, dada. Habari za asubuhi."

"Hilo blanketi, unaliweka wewe?"

Mlinzi anageukia kikombe chake na kukichunguza kama kina kitu ndani. Mnada anakubali kwa kichwa.

"Nilidhani ni wao," mshonaji anasema. "Nilidhani wameona haya."

"Hawajaona, dada."

Mshonaji anaweka kikapu chini. Anaangalia juu kwa muda mrefu, pale blanketi la kijivu linapopepea kwa upepo na kidevu chake mwenyewe kuonekana na kupotea. Mtoto anaangalia pia.

"Basi usilifunike tena. Ukilifunika ni kama mimi ndiye niliyefanya la aibu. Jumamosi wanachama wanakutana, si ndiyo? Mtu asiye mwanachama anaruhusiwa kuingia?"

"Anaruhusiwa kusikiliza."

"Nitasikiliza, halafu nitasema. Nitawaambia walishushe. Wakikataa, nitapanda mwenyewe na mkasi wangu, wakiwa wote wamekaa hapo uani wananitazama. Nitakata uso wangu niende nao nyumbani. Maneno yao nitawaachia, wayatundike na tundu."

Mlinzi anakohoa. "Mama, mimi kazi yangu ni kulinda geti."

"Na geti sitaligusa, baba. Nitagusa uso wangu tu."

Mlinzi anafikiri. "Sawa," anasema. "Uso haumo kwenye vitu nilivyokabidhiwa."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo Mnada anacheka kwa sauti yake ya sokoni, na watu wawili ng'ambo ya barabara wanageuka. Kisha anapanda ngazi, anafungua kamba, na blanketi linaanguka mikononi mwake. Mwanamke wa juu anacheka. Mwanamke wa chini anamtazama bila kupepesa.

"Na kipaza?" mwandishi anamuuliza Mnada, wakati mshonaji na mtoto wakiwa wameshafika kwenye kona.

Anasema Jumamosi atasimama mkutanoni na ataomba radhi kama alivyotakiwa, kwa sauti ya kufika barabarani. Ataiomba kwa mshonaji, kwa kuwa alikiacha kipaza mahali ambapo mtu yeyote angeweza kukichukua. Kisha atawaomba wanachama wapige kura juu ya jambo moja, kwamba katika tawi hili mtu asitangaze tena kuwa mwenzake amepatikana. Aseme anasubiri wapi. Kama hawezi kusema anasubiri wapi, akiweke kipaza chini, atembee.

"Wakinipa, nitaanza kuita saa ileile. Majina ninayo kichwani. Wasiponipa, nitapanda juu ya dawati kama mwanzo. Sauti hawajaifungia kabatini."

Na akikatazwa kuingia kambini?

Mnada anaikunja ngazi, anaiegemeza ukutani, karibu zaidi na geti kuliko inapowekwa siku zote, mahali ambapo mtu aliyebeba mkasi ataiona bila kuuliza.

"Jumamosi kwanza," anasema. "Siku hiyo mimi nitashika ngazi."